Jua la saa sita Serengeti: sogeza gari kabla hujagusa kamera

Anayeingia Serengeti mara ya kwanza na lenzi ndefu hudhani kazi itakuwa kuwapata wanyama. Wanyama wapo. Kazi ni kwamba baadhi yao wanafanya mambo yao makubwa jua likiwa utosini, na jioni ukifungua picha kambini unakuta simba mwenye mashimo meusi mahali pa macho, pundamilia ambaye weupe wake umeungua, na duma anayeonekana kama amepigwa nyuma ya sufuria inayochemka. Kinachofuata ni kuilaumu kamera, na wengine hurudi mjini wakanunua nyingine ya bei mbaya, wakarudi mwaka unaofuata kupiga picha zilezile.

Kosa liko kwingine. Porini huwezi kumsogeza mnyama, wala jua. Kitu pekee unachoweza kukisogeza ni gari. Mengi yanayofuata yanarudi hapo.

Tuanze na saa, kwa sababu hapo ndipo asubuhi hupotea. Seronera, katikati ya Serengeti, iko karibu na nyuzi 35 mashariki, ilhali saa za Tanzania zimepangwa kwa nyuzi 45. Ndiyo maana jua linafika juu kabisa kwenye saa 6:40 mchana, si saa 6 kamili. Linachomoza kati ya saa 12:20 na saa 12:50 asubuhi, kutegemea mwezi. Na kwa kuwa tuko nyuzi mbili tu kusini mwa Ikweta, halipandi kwa mshazari kama Ulaya. Linapanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Ule mwanga laini wa dhahabu hauna subira: saa 2:40 jua liko tayari nyuzi 30 juu ya upeo. Aliyekaa na chai na mayai hadi saa 2 ameshalipia asubuhi asiyoitumia, na ada ya hifadhi hailipwi nusu. Chai ibebwe kwenye chupa.

Kipimo cha jua kali hakihitaji kifaa. Tazama kivuli cha kichuguu au cha gari lako mwenyewe. Kikiwa kirefu kuliko kitu chenyewe, bado una mwanga wa kupigia sura. Kikilingana nacho, jua limefika nyuzi 45, na hiyo ni kama saa 4 kasorobo asubuhi. Kitalingana nacho tena saa 9 na nusu alasiri au kupita kidogo. Katikati hapo kuna karibu saa sita, nusu nzima ya mchana, na ndizo saa ambazo wengi wetu tulizoea kuzitumia vibaya: kupiga kila kitu kwa mazoea ya asubuhi, kisha kufuta usiku.

Kivuli hichohicho kinakuambia jambo la pili ambalo watu hulisahau. Kuanzia Mei hadi Agosti jua la mchana liko upande wa kaskazini. Kuanzia Novemba hadi Januari liko kusini. Katikati ya Machi na mwisho wa Septemba liko juu ya kichwa kabisa, kivuli kinaangukia chini ya tumbo la mnyama na hakuna upande wenye nafuu. Kwa hiyo mchana wa Agosti, gari likiwa kaskazini mwa mnyama na wewe ukitazama kusini, unapata ubavu wenye mwanga. Ukiwa kusini mwake unapata ubavu wa giza. Tofauti ya mita 40 za barabara. Mwambie dereva mapema, kabla hamjamwona mnyama yeyote, kwamba hutaki kusimama karibu tu, unataka jua liwe mgongoni kwako. Dereva aliyezoea wapiga picha atakuuliza mwenyewe. Asiyezoea atakupeleka kwenye kundi la magari kwa sababu redio imeita, na hapo usimlaumu, maana hukumwambia. Kukorofishana na dereva saa 5 mchana kwenye joto ni hasara kubwa kuliko picha yoyote iliyokosekana. Yeye ndiye miguu yako, na ndani ya hifadhi gari haliachi barabara wala wewe hushuki.

Cha kuandaa kabla ya safari ni kidogo. Mfuko wa kuegemeza lenzi njoo nao mtupu, ujaze njiani. Mchele wa Mto wa Mbu unatosha sana, kilo 2 au 3 kutegemea ukubwa wa mfuko. Unakumbatia lenzi vizuri kuliko maharage na haupigi kelele unapougeuza. Uweke kwenye ukingo wa dirisha au wa paa lililofunguliwa. Injini izimwe. Abiria wenzako waambiwe kwa upole kwamba mtu mmoja akihama kiti, gari zima linatikisika. Nguo nyeusi na za bluu ziache nyumbani: mbung'o wanazipenda, na hakuna anayeshika kamera imara huku anaumwa shingoni.

Sasa mazigazi, adui asiye na dawa dukani.

Ardhi ikishapata joto, na msimu wa kiangazi hilo huanza mapema, saa 3 au 4 tu, hewa ya chini inapanda kwa mafungu yenye joto tofauti, na kila fungu linaupinda mwanga kwa namna yake. Jicho linaona mtetemo mdogo tu kule mbali. Lenzi ya milimita 500 inaukuza mtetemo huo pamoja na mnyama. Kuongeza kasi ya shata, yaani kufupisha muda wa kamera kupokea mwanga, hakusaidii, kwa sababu picha inafika kwenye kamera ikiwa imeshaharibika. Kizuia mtikisiko hakisaidii. Kamera yenye pikseli nyingi zaidi inakuonyesha uozo kwa undani zaidi. Na kile kiunganishi cha kurefusha lenzi, kiwe cha 1.4 au cha 2, ukikifunga mchana umekula hasara mara mbili: kinakunyang'anya stopu moja au mbili za mwanga (kila stopu ni nusu ya mwanga uliopo) na kinayakuza mazigazi yaleyale.

Watu wengi hawajui kama walichonacho ni mazigazi au fokasi mbovu, wakapeleka lenzi kwa fundi bure. Kuyatofautisha ni rahisi. Mnyama akiwa amesimama tuli, piga picha 10 mfululizo, kisha zikuze zote sehemu ya jicho. Kama kila picha ina uso wake, hii jicho limevutwa kushoto, ile limeliwa juu, moja kati ya hizo iko safi kidogo, hayo ni mazigazi. Kama zote zimefifia kwa namna moja, tafuta tatizo kwenye fokasi. Kama zote zimeburuzwa upande mmoja, gari lilitikisika au kasi ilikuwa ndogo.

Kinachosaidia ni umbali. Mchana wa jua kali, zaidi ya mita 100 usitegemee manyoya wala kope. Weka kamera chini, mtazame mnyama kwa darubini na ufurahie. Chini ya mita 30 mara nyingi utakuwa salama. Katikati hapo inategemea kilicho kati yenu. Barabara ya changarawe na udongo mweusi ulio wazi ni balaa. Majani marefu ni afadhali. Maji ni afadhali zaidi. Kupanda juu kwenye paa husaidia, kwa kuwa mstari wa macho unapita mbali na ardhi, ingawa picha ya dirishani, usawa wa macho ya mnyama, huwa na uzuri wake. Kwa hiyo mnyama wa karibu mpige kutoka dirishani, wa mbali kutoka paani. Wingu likifunika jua, subiri dakika tano hadi kumi, ardhi ipoe kidogo, kisha piga.

Na kuna mazigazi unayoyatengeneza mwenyewe. Boneti ya gari lililotoka kutembea ni jiko. Ukipiga kwa juu yake umepiga kupitia jiko. Gari lililofungwa vioo juani lina hewa ya moto inayotoka dirishani mara unapofungua, tena mbele ya lenzi yako. Fungua madirisha yote mapema, acha joto litoke. Hata kofia ya mbele ya lenzi, ile ndefu, hukusanya hewa moto. Kama picha zinacheza na mnyama yuko karibu, ivue ujaribu tena.

Tatizo la pili ni macho. Jua la juu linamulika kichwa na kuacha tundu la jicho gizani, na picha ya simba asiye na jicho ni picha ya ngozi. Hapa dawa ni kusubiri kichwa kiinuke. Simba aliyelala atanusa hewa, atapiga miayo, ataangalia tai wanaotua. Katika kila mojawapo uso unaelekea juu kwa sekunde moja au mbili na nuru inaingia jichoni. Duma ni rahisi zaidi, maana hukaa juu ya kichuguu akiinua shingo kukagua tambarare. Tembo usimsubiri, paji lake ni kama ukingo wa paa. Mpige ngozi, masikio, mkonga kwenye maji. Flashi isahau. Ukiwa mita 30, jua la saa 7 linaimeza kama mshumaa.

Lakini tazama chini, maana ardhi ndiyo kioo chako. Mnyama aliyesimama kwenye majani makavu ya Agosti anapata mwanga wa dhahabu kutoka chini, tumboni, kidevuni, hadi ndani ya tundu la jicho. Mnyama huyohuyo akihamia kwenye majani yaliyoungua moto, meusi, nusu ya chini ya mwili wake inakuwa shimo. Ukingo mweupe wa magadi, kama ule wa Ziwa Magadi chini Ngorongoro au Ziwa Ndutu, unarudisha mwanga mwingi kiasi kwamba flamingo anayeruka juu yake saa 6 mchana ana mabawa yaliyomulikwa kwa chini, jambo ambalo asubuhi hulipati. Mchanga mkavu wa mto hufanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo mchana, badala ya kumfuata mnyama, mara nyingi tunachagua ardhi kwanza, tunasimama, tunasubiri mnyama aje juu yake. Wenzako ndani ya gari watachoka. Ni kweli inachosha.

Mipangilio ya kamera yenyewe ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Jua kali lisilo na wingu halibadiliki, kwa hiyo acha kumwachia kamera uamuzi. Kipima mwanga cha kamera kinaona kundi jeusi la nyumbu kikaongeza mwanga, kinaona maji yanayong'aa kikapunguza, wakati jua ni lilelile. Weka kwa mkono: ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), upenyo f/8 (tundu la lenzi, namba ikikua tundu linapungua), kasi ya shata 1/1600 ya sekunde. Huo ndio msingi kwa mnyama wa rangi ya kati, swala au simba, jua likiwa mgongoni kwako. Kwa nyati, tembo na nyumbu fungua theluthi mbili za stopu, yaani 1/1000. Kwa yangeyange au korongo mweupe punguza, 1/2500 au 1/3200. Yangeyange akiwa mgongoni mwa nyati, mfuate yangeyange. Weusi uliozama unaweza kuuinua baadaye ukipiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. Weupe ulioungua haurudi, hauna kitu ndani. Pundamilia vivyo hivyo, pima michirizi myeupe. Wingu likifika msingi wote unabadilika, stopu moja hadi tatu, na mara ngapi mtu amesahau kurudisha namba zake baada ya wingu kupita! Kama anga lina mawingu ya kupita, ruhusu ISO ijipange yenyewe, wewe shikilia kasi na upenyo.

Usiamini skrini. Juani inaonekana giza, unaongeza mwanga, unaunguza. Usiku hemani inang'aa, unadhani mambo ni mazuri. Jifunike kanga kichwani na kamera, kama mtu anayejifukiza, tazama histogramu, ule mlima mdogo unaochorwa pembeni mwa picha. Mlima ukiegemea ukuta wa kulia na kukatika, punguza. Washa pia lile onyo linalometameta kwenye sehemu zilizoungua. Kanga hiyohiyo, ikiwa kavu, ndiyo inayofunika kamera gari likitembea, kwa sababu vumbi la nyanda za kusini lina majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai na linapenya popote. Lenzi usibadilishe barabarani. Kioo kikipata vumbi, pulizia kwa kipulizio cha mpira kwanza, kisha brashi laini, kitambaa cha mwisho kabisa. Anayefuta kwa shati amepiga msasa. Na kamera nyeusi usiiache juu ya dashibodi.

Mto Mara, upande wa Kogatende kaskazini mwa Serengeti, ndipo yote haya yanakutana kwa siku moja. Kuanzia Julai hadi Oktoba nyumbu hukusanyika ukingoni, na mara nyingi wanajitupa majini katikati ya siku, si wakati wa mwanga mzuri. Wanaweza kusimama saa tatu nzima wakilia, wa mbele wakanusa maji, kisha wakageuka wote wakaondoka. Hilo likikupata, na litakupata, unakuwa umeungua jua, umekula chakula cha boksi kilichopoa, na kadi haina kitu. Usipige mia tano za nyumbu waliosimama ili kujifariji. Betri moja iwe imejaa kwa ajili ya tukio, kadi iwe na nafasi.

Gari likae nyuma ya ukingo hadi wa kwanza waingie majini na wengine wafuate. Magari yanayokimbilia ukingoni mapema ndiyo yanayowarudisha nyumbu, na kila mwaka yapo. Wakati wa kusubiri, chagua mahali. Uko ukingo wa kusini mwezi wa Agosti, jua la mchana liko kaskazini, mbele yako. Ukitazama moja kwa moja ng'ambo utapata nyumbu weusi kwenye maji ya fedha. Tafuta kona ya mto inayokuruhusu kutazama kwa urefu wake: kabla ya saa 6 tazama magharibi, baada ya saa 8 tazama mashariki. Hapo mwanga unaangukia upande unaouona, na kundi linajipanga mstari.

Kwa matone ya maji panda hadi 1/2500 au zaidi. Mwanga upo, ISO 800 haina madhara. Vumbi litaivuruga fokasi, itashika pazia la mbele badala ya mnyama. Ziba umbali wa karibu kwa swichi iliyo ubavuni mwa lenzi, kisha shika mnyama mmoja, yule anayeongoza, usirukeruke. Piga vipande vifupi vya sekunde moja. Ukikandamiza tu, kamera inajaa na kusimama hasa pale mamba anapoinuka.

Wanaotaka nyumbu wa kuburuzika, miguu ikiwa ukungu na kichwa safi, hushangaa kwamba mchana haiwezekani. Hata ISO 100 na f/16 inakupa 1/100 tu, na ukiziba zaidi hadi f/22 kila punje ya vumbi kwenye sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha, inaonekana kama doa angani. Hapo ndipo filta ya kijivu ya ND8 ina maana. Inakula stopu tatu: ISO 100, f/8, unapata 1/50. Jaribu 20 au 30, utapata moja. Filta ya kuondoa mng'ao wa maji si lazima. Kuizungusha ndani ya kofia ndefu ya lenzi ni mateso.

Chui wa Seronera ni habari nyingine. Mchana analala juu ya mti wa mwegea, na jua linampiga madoa kupitia majani, madoa juu ya madoa. Ukipima kivuli, mabaka ya jua yanaungua. Ukipima jua, chui anapotea. Pima jua. Kisha subiri upepo usogeze tawi, au wingu. Ukiona anga jeupe nyuma yake, geuza uamuzi wote: ongeza stopu moja na nusu, acha anga liungue kabisa, chui abaki kama mchoro wa wino kwenye karatasi. Si kila mtu anaipenda picha hiyo. Sisi tunaipenda kuliko ile ya kijivu.

Kwenye kompyuta, picha za mchana usizilazimishe ziwe za asubuhi. Kuzipaka rangi ya machungwa hakudanganyi mtu, kivuli chini ya tumbo kinasema saa. Anza na mpangilio wa rangi usio na ukali, shusha weupe, inua vivuli stopu moja, mbili mwisho, zaidi ya hapo chenga zinatoka kwenye weusi. Zile zenye ukali uliokithiri, pundamilia, ngozi ya tembo, vumbi la mtoni, zigeuze nyeusi na nyeupe, zinasimama zenyewe. Zenye mazigazi futa usiku huohuo kabla hujaanza kuzionea huruma.

Siku ya kuondoka, mchele wa kwenye mfuko mpe mpishi wa kambi. Mwambie aupepete na kuuosha vizuri kwanza, maana umeingia vumbi.